Kreatini ya kopo: kwa misuli inafaa, kwa tiba bado

Kreatini ni unga unaonywewa na maji ili kuipa misuli nguvu. Ukikuta "mchanga" wake chini ya glasi, usikimbilie kusema umeuziwa feki. Lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha gramu 14 hivi tu za kreatini, kwa hiyo gramu 5 kwenye glasi ya mililita 250 lazima zibakize kitu chini. Tumia nusu lita ya maji vuguvugu, koroga, kunywa papo hapo. Usiilaze kwenye maji ya ndimu au ukwaju: uchachu na joto huigeuza polepole kuwa kreatinini, ambayo haiusaidii mwili kitu.

Dukani, chagua kopo la unga ambalo orodha ya viambato ina kitu kimoja tu: kreatini monohidrati. Aina za bei kubwa hazijaonyesha kuizidi. Kopo la gramu 300 hutosha siku 60 kwa gramu 5 kila siku. Unyevu wa huku kando ya Ziwa Victoria huifanya igande. Bonge kavu ponda utumie, ila usichote kwa kijiko kibichi.

Kuna wanaoanza na gramu 20 kwa siku, mara nne za tano tano, kwa siku 5 hadi 7. Misuli hujaa haraka, lakini ukizinywa zote kwa mkupuo utaharisha. Gramu 3 hadi 5 kila siku hufika palepale kwa wiki nne hivi. Sato na sangara ni chakula kizuri, ila kilo nzima ya samaki au nyama mbichi hutoa gramu 3 hadi 5 tu za kreatini.

Muuzaji akikuambia inatibu Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, mkatalie. Jaribio la wagonjwa 1,741, gramu 10 kwa siku, lilisitishwa mwaka 2013 kwa kukosa faida. La Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, hadi gramu 40 kwa siku, nalo likasitishwa 2014. Kwa magonjwa ya kurithi ya kudhoofika misuli, nguvu imeongezeka kidogo. Tiba halisi ipo kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha GAMT, ambao miili yao haitengenezi kreatini, tena chini ya bingwa. Sonona na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, bado ziko kwenye majaribio madogo.

Ukienda kupima figo, hospitali ya Bugando au kwingineko, mwambie daktari unatumia kreatini. Kipimo cha kreatinini, kinachotumika kuangalia figo, huweza kupanda figo zikiwa nzima. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kabla ya kumwona daktari.