Lara Croft wa Sasa na Mashabiki Wake wa Zamani
Gemu ya video ya Tomb Raider ya mwaka 2013, iliyotengenezwa na studio ya Crystal Dynamics ya Marekani, bado inatugawa sisi wachezaji wa Ngamiani, Tanga, tuliomfahamu shujaa wake, Lara Croft, tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1996, iliyoundwa na Core Design ya Uingereza. Kwa upande wangu, Lara huyu mpya, msichana aliyevunjikiwa na meli katika kisiwa cha Yamatai, anayeogopa, anayejeruhiwa na kujifunza kuwinda kwa upinde, ananigusa kuliko yule wa zamani asiyetetereka. Picha za gemu hii nazo ni nzuri.

Kinachouma ni makaburi, ambayo ndiyo yaliyoupa mfululizo huu jina lake (“tomb” ni kaburi kwa Kiingereza): mengi yamefanywa ya hiari na mafupi mno, fumbo moja na sanduku la hazina, kisha mchezaji anarudishwa kwenye risasi. Zamani tulikaa muda mrefu katika ukumbi mmoja mkubwa, tukipima kila mruko na kutafuta wenzo uliofichwa, na upweke ule ndio uliokuwa utamu wenyewe. (Wenzangu wa Makorora hawakubali, wao wanapenda mapigano.) Anayethamini mafumbo namshauri achague Rise of the Tomb Raider ya mwaka 2015, ambayo makaburi yake yamepewa nafasi zaidi.