Usafi wa nyumba bila machupa mengi: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Kama umeamua kupunguza machupa ya dawa za usafi nyumbani, usianze kwa kuyatupa. Maliza yaliyopo. Kila chupa inapoisha, jiulize kama kazi yake inaweza kufanywa na kitu rahisi utakachochanganya mwenyewe, na kama inawezekana, nunua hicho. Kwa mwendo huo bajeti haitikisiki, na kila aliyemo ndani ya nyumba anapata muda wa kuzoea jambo moja kabla ya kuletewa lingine.

Sababu ya kiafya ipo, tena nzito. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, walitoa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20. Mapafu ya wanawake waliokuwa wakifanya usafi, iwe nyumbani kwao au kwa ajira, yalipungua nguvu haraka kuliko ya wanawake wasiofanya kazi hiyo. Kwetu mzigo huu anabebeshwa mama mwenye nyumba au dada wa kazi, na mara nyingi anaubeba akiwa ameinama ndani ya choo chenye kidirisha kimoja cha juu. Mtu huyo ndiye niliyemfikiria nilipokuwa napanga orodha hii.

Nimepanga kwa kuangalia mambo haya: kitu kinafanya kazi ngapi, kinapatikana duka la mtaani au lazima upande daladala hadi Kariakoo, na kitamfanya nini mtoto akikimwaga.

1. Sabuni ya mche

Mitandaoni siki ndiyo inayopewa namba moja. Mimi naipa sabuni ya mche, na kwa maoni yangu hakuna kinachoikaribia.

Uchafu mwingi wa nyumba zetu ni mafuta. Kuna mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango, masizi ya mkaa yaliyogandamana na mafuta chini ya sufuria, mafuta ya mwili kwenye kola na foronya. Siki haiyawezi. Sabuni inayashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, kisha inayang'oa yaende na maji. Kwa njia hiyohiyo inavunja utando wa mafuta uliovizunguka virusi vingi, ndiyo maana kunawa kwa sabuni ya kawaida kunatosha kwa siku nyingi za mwaka.

Dukani chagua mche mgumu, mzito, usiotoa jasho, wenye nembo ya TBS, au KEBS kwa walio Kenya. Usio na manukato makali ni bora kwa ngozi. Nunua mche mzima, ukate vipande na uvipange mahali penye hewa kwa wiki kadhaa. Sabuni iliyokauka vizuri haiyeyuki ovyo kwenye beseni, na kipande kimoja kinakaa muda mrefu zaidi.

Sabuni ya maji ya nyumbani inatengenezwa hivi: kwaruza gramu 100 za sabuni kwa kikwaruzio cha karoti, mimina ndani ya lita 2 za maji ya moto, koroga hadi iyeyuke, funika ilale. Asubuhi huenda ukaikuta imeganda kama uji uliopoa. Ongeza maji na koroga tena. Hiyo inaosha vyombo, inadeki sakafu na inasugua choo. Haina kihifadhi chochote, kwa hiyo tengeneza ya wiki moja au mbili tu.

Ina udhaifu mmoja, nao ni maji magumu. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, na Dar es Salaam wapo wengi, wanaijua hali hii: unasugua weee, povu halitoki, ndoo inabaki na utando mweupe. Suluhisho lake lipo namba tatu.

2. Siki nyeupe, au ndimu ya unga

Siki inapata nafasi ya pili kwa sababu moja: inayeyusha chokaa. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la umeme, kwenye kichwa cha bomba la mvua na kuzunguka koki, sabuni haiugusi. Mimina siki kiasi na maji kiasi hichohicho ndani ya birika, chemsha, acha nusu saa, mwaga na suuza. Kwa vioo na madirisha, sehemu moja ya siki kwa sehemu nne za maji inatosha, ukifuta na kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.

Angalia kwenye chupa kama imeandikwa asidi 4% au 5%. Chukua nyeupe, maana ya kahawia inaacha madoa. Na kama birika lako linashika chokaa kila wiki, ulizia ndimu ya unga kwa wauza viungo. Ni asidi ileile iliyomo ndani ya ndimu na limau, imekaushwa. Vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji vinafanya kazi nzuri, havina ile harufu ya achari, na mfuko mdogo unabeba kazi ya chupa kadhaa za siki.

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyaona kwenye simu yameandikwa kwa nyumba zisizofanana na zetu. Sakafu nyingi za Afrika Mashariki ni za sementi au teraso. Asidi inakula sementi, na teraso ndani yake ina vipande vya mawe ya chokaa. Ukideki kwa siki kila siku, mng'ao unapotea, sakafu inakuwa na vinyweleo na inaanza kunywa uchafu. Kaunta za marumaru ya jiwe halisi zinaharibika vivyo hivyo. Vigae vya kauri vinastahimili, lakini saruji iliyojazwa katikati yake haistahimili. Sakafu ni kazi ya sabuni.

Pia usichanganye siki na ile sabuni yako ya maji. Asidi inaivunja sabuni irudi kuwa mafuta, unabaki na mabonge meupe yanayoelea. Na ule mchanganyiko maarufu wa siki na bekingi soda unaochemka kwa povu unapendeza kuutazama, ila asidi na alkali zinamalizana pale pale. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo ya asidi hiyo, na hewa ya kaboni imeshapaa. Tumia kimoja, suuza, ndipo uje na kingine.

3. Magadi

Haya ndiyo msaada wa wenye maji magumu. Kijiko kimoja cha magadi kwenye ndoo kabla ya sabuni kinayalainisha maji, na sabuni inaanza kutoa povu inavyopaswa. Magadi ya mawe yanatoka Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi kule Kajiado, Kenya, ambako kampuni ya uchimbaji ilianzishwa 1911. Ya viwandani, meupe na laini, wauzaji wa malighafi za sabuni wanayaita soda ash. Kwa usafi chukua haya ya viwandani, kwa kuwa hayana mchanga.

Yanafaa kuloweka mataulo ya jikoni yaliyojaa mafuta, kusugua jiko na kusafisha mtaro wa sinki kwa maji ya moto. Vaa glavu, kwani yanakausha na kuchubua ngozi. Yaweke mbali na sufuria za alumini; alkali inazila na kuziacha nyeusi. Sufuria ya alumini iliyokwisha kuwa nyeusi kwa ndani inarudi kung'aa ukichemshia maji yenye ndimu.

Na kwa wenye mazoea ya kutia magadi ya mawe kwenye maharage au makande: magadi ya ukanda wetu yana floridi nyingi, na kaskazini mwa Tanzania yamehusishwa na meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia. Yabaki kwenye ndoo ya usafi.

4. Bekingi soda

Ni ndugu mpole wa magadi. Inasugua bila kukwaruza, inaondoa harufu kwenye friji, na naipendekeza zaidi kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa. Ninaiweka ya nne kwa sababu ya bei. Vile vikopo vidogo vya kuokea ni ghali mno kwa kusugulia sinki. Tafuta wanaowauzia waoka mikate na mandazi, wanaopima kwa kilo.

Dodoki na vitambaa

Sijavipa namba, lakini bila hivi hayo yote hapo juu yatakuangusha. Watu wengi wanaongeza dawa kali pale ambapo kinachokosekana ni kusugua. Dodoki linaota uani, sokoni linauzwa kwa bei ndogo, linasugua masufuria bila kuyachana, na likichoka linaoza. Lianike juani kila siku, maana linalokaa na maji linakuwa makazi ya vijidudu. Tisheti kuukuu za pamba zikatwe zifanywe vitambaa: vya jikoni rangi moja, vya chooni rangi nyingine, na vya chooni visivuke mlango.

Chupa ya kupulizia nunua moja tu, na ipulizie kwenye kitambaa, kisha ndipo ufute. Ukipuliza hewani, matone madogo kabisa unayavuta wewe.

5. Jiki

Wapo wanaosema nyumba yenye afya haina jiki. Siwaungi mkono. Nchi zetu zinapata milipuko ya kipindupindu, na siki haiwezi kusimama mahali pa klorini. Jiki ibaki ndani, chupa ndogo, juu mahali ambapo mtoto hafiki, kwa siku za kuhara, kutapika au damu.

Zinazouzwa kwetu mara nyingi zimeandikwa 3.5%. Kwa nguvu hiyo, sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji inakupa 0.5%, kipimo cha kutakasa mahali palipotapikiwa au palipomwagika choo cha mgonjwa. Safisha kwanza kwa sabuni, suuza, kisha weka jiki, maana uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu, tengeneza mwingine. Joto na mwanga pia vinaidhoofisha, kwa hiyo chupa inayopigwa jua dirishani pale dukani iache.

Jiki haichanganywi na kitu kingine isipokuwa maji. Ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, hata ile ya mkojo uliokaa, inatoa gesi nyingine inayounguza koo na mapafu. Mtu akianza kukohoa na macho kuwasha akiwa chooni, atoke nje kwanza, ndoo itamsubiri.

Vya kuacha dukani

Malighafi za kutengeneza sabuni ya maji ya biashara, yaani sulphonic, ungerol, rangi, manukato na fomalini, nazikataa kwa matumizi ya nyumba moja. Nawaheshimu sana akina mama wanaosomesha watoto kwa biashara hii. Lakini sulphonic ni asidi inayounguza ngozi, na fomalini inayotiwa sabuni isiharibike ina fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukitengeneza sabuni ya wiki mbili tu, huhitaji kihifadhi. Ukipenda kununua iliyo tayari, nunua kwa mtengenezaji anayeandika kilichomo.

Kostiki soda, alkali kali inayounguza ngozi na macho, nayo haina sababu ya kuwa kwenye nyumba yenye watoto.

Vidonge vyeupe vya nafthalini, vile vya kabatini na chooni, viondoe mapema hata kama havijaisha. Hivi tu ndivyo ninavyosema vitupwe. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, hali inayowapata wengi katika ukanda wetu wa malaria, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo. Kabatini weka karafuu kavu kwenye kitambaa chepesi. Chooni, dirisha lifunguliwe.

Mafuta ya manukato ya vichupa vidogo ni anasa. Ukitaka nyumba inukie, chemsha mchaichai na ongeza maji yake kwenye ndoo ya kudekia.

Kwa mpangilio gani

Mwezi wa kwanza nunua mche wa sabuni na dodoki, ubadilishe uoshaji wa vyombo peke yake. Ukishazoeleka, ingiza sakafu. Siki au ndimu ya unga ije siku dawa ya vioo itakapoisha, na magadi ukiona maji yako yanakataa povu. Anayefanya kazi yenyewe akae nawe mkichanganya mara ya kwanza, na akisema kitu fulani hakimsaidii, msikilize, kwa kuwa mikono yake ndiyo inayojua.

Vyombo vya kuhifadhia visiwe chupa za soda wala za maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Mtoto mwenye kiu hasomi. Chukua madumu madogo yenye mfuniko mgumu, andika kwa maka peni kilichomo na tarehe uliyochanganya, na iliyopita wiki mbili imwage chooni.