Kelele za hadidiski ziliisha, joto likaanza

Niliwapelekea mafundi kompyuta yangu kwa sababu hadidiski, kile kifaa cha ndani kinachohifadhi faili, ilikuwa inapiga kelele. Kelele ziliisha, hilo siwezi kuwanyima. Nilipokwenda kuchukua mashine dukani kwao, kwenye zile barabara za namba katikati ya Dodoma mjini, waliiwasha pale mezani nikasikia kimya nilichokuwa nakitafuta, nikatoa elfu thelathini bila kuomba nipunguziwe. Haikupita wiki. Kila ikifika saa nane mchana mashine inaganda, faili la kurasa tano linachukua dakika nzima kufunguka, na CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, inanionyesha hadidiski iko nyuzi 58. Nikafungua ubavu wa sipiyu, yaani kesi ya kompyuta.

Hadidiski ilikuwa imeviringishiwa sponji ya godoro juu, chini na pembeni, ikafungwa solatepu ya kahawia kama kifurushi cha kutuma kwa basi, kisha ikasokomezwa kwenye nafasi ya DVD. Waya wa data umekunjwa pale shingoni hadi umebaki na alama nyeupe. Nilipobandua solatepu nikaona imepita sawasawa juu ya kitundu cha kupumulia, kile ambacho kiwandani wameandika kabisa pembeni yake kwamba kisizibwe. Gundi ilikuwa imeshaanza kuyeyuka na kuingia kwenye ukingo wake.

Nikarudi nayo, picha zote ninazo kwenye simu. Nikamsalimia yule fundi mkubwa, hakuitikia. Picha hakutazama. Huku anabonyeza simu yake akaniambia, "Mama, wewe ulilalamikia kelele. Kelele si zimeisha? Joto hukulitaja."

Joto hukulitaja! Mgonjwa akipelekwa hospitali kwa ajili ya mguu, akakatwa pumzi, ataambiwa pumzi hukuitaja? Jibu lile limenikaa kifuani mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike haya, maana anayejiita fundi wa kompyuta anapaswa kujua kwamba hadidiski hupoa kwa njia mbili tu: chuma chake kinapogusa chuma cha kesi, na hewa inapopita juu yake. Ukiiviringisha sponji umeondoa njia zote mbili kwa mkupuo. Watengenezaji wengi wameweka kikomo kwenye nyuzi 60, na mimi sipendi ipite 45. Kwa Dodoma, mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijanyesha, hewa ya chumbani peke yake inaweza kuwa nyuzi 30 na kitu. Unaanzia huko, halafu unavalisha mashine godoro.

Na kile kitundu si pambo. Diski ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikipoa inasinyaa, na kitundu ndicho kinachosawazisha mgandamizo wa ndani na wa nje. Kuna zile za ujazo mkubwa zilizojazwa gesi ya heli, hizo zimefungwa kabisa na hazina kitundu. Yangu si ya aina hiyo, na fundi aliiona kwa macho yake.

Kilichotakiwa kwanza ni kujua nani anapiga kelele. Hadidiski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde. Mtikisiko wake ni mdogo sana, lakini ukipita kwenye skrubu ukaingia kwenye bati la kesi, bati zima linanguruma kama ngoma ya muheme. Kwa hiyo unaweka kiganja kwenye ubavu wa sipiyu ikiwa inafanya kazi. Mngurumo ukipungua, mwenye makosa ni bati. Halafu unazima, unaitoa hadidiski, unailaza juu ya taulo lililokunjwa huku waya zote mbili zimechomekwa na ubao wake wa saketi haugusi chuma chochote, unawasha dakika tano bila kuigusa wala kuisogeza. Mngurumo ukipotea, diski ni nzima, tatizo ni namna ilivyoshikiliwa. Ikiendelea kulia sauti nyembamba kama ya mbu, beringi imechoka, na hapo hakuna mpira utakaosaidia. Na ikigonga tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena, usihangaike na kelele: nakili faili zako siku hiyo hiyo.

Yangu ilikuwa ya bati. Ushahidi niliuokota mwenyewe chini ya kesi: skrubu mbili zilizoachwa zinabingirika karibu na madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ambapo moja ikikaa vibaya inaunguza mashine nzima. Zote mbili ni M3, yaani za DVD. Hadidiski ya inchi 3.5 inatumia skrubu ya 6-32, ambayo ina unene wa milimita 3.5 na meno yaliyoachana. M3 ni milimita 3, inaingia kwenye tundu lile, inazunguka, unadhani imekaza kumbe imening'inia. Hadidiski iliyoshikwa na skrubu mbili za namna hiyo, tena za upande mmoja, lazima ipige kelele. Skrubu nne za saizi yake zingeondoa nusu ya tatizo kabla hajagusa sponji.

Nusu nyingine ni kuitenganisha na bati. Bushi za mpira zenye skrubu za bega, yaani zenye sehemu laini isiyo na meno, ndizo bora, ukizipata. Usipozipata, tyubu ya baiskeli inatosha kabisa: unakata wosha nane, kila skrubu inapata mbili, moja ndani ya bati na nyingine nje, na chini ya kichwa cha skrubu unaweka wosha ya chuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaweka mpira upande mmoja tu, skrubu inaendelea kugusa bati, na mtikisiko unapita kwenye skrubu vilevile. Tundu la bati lipanuliwe hadi milimita 6, skrubu ielee katikati. Unatobolea nje ya kesi, unga wote wa chuma unafutwa kabla ya kurudisha. Skrubu isizame ndani ya diski zaidi ya milimita 3.5, na unakaza mpaka mpira uanze kutuna, basi. Mpira uliopondwa ni sawa na chuma.

Mimi nimeishia kwenye lastiki ya kushonea, ile ya upana wa sentimita moja, kwa sababu nafasi ya DVD ilikuwa tupu. Ina upana wa milimita 146, hadidiski ina kama 102, kwa hiyo kila upande unabakiwa na sentimita mbili za kupitisha hewa. Lastiki inazungushwa mara mbili mbele na mara mbili nyuma, imesokotwa katikati ili diski isiteleze. Iwe imekaza, kwa sababu ikiyumbayumba wakati kichwa cha kusomea kinatafuta data nayo inapata shida. Kila baada ya miezi michache unaikagua, maana joto huilegeza. Na mashine ya namna hii haisafirishwi hivyo hivyo. Ukitaka kuihamisha, rudisha diski kwenye skrubu kwanza.

Lazima niseme jambo moja kwa haki. Pale dukani kuna kijana mwingine, mkimya, ndiye aliyeshughulikia feni. Vumbi letu, hasa upepo wa mwezi wa saba mpaka wa tisa, linaganda kwenye mapanga ya feni bila usawa, feni inapoteza mizani na kuanza kunguruma, na watu wengi wanasingizia hadidiski. Yule kijana alisugua panga moja moja kwa brashi ya rangi. Alipopuliza kwa blowa aliishika feni kwa kidole isizunguke, jambo ambalo mafundi wengi hawafanyi, na feni ikizungushwa na upepo ule beringi zake zinaumia. Feni ya nyuma akaishikiza kwa vipande vya mpira, kisha akaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, akapunguza kasi yake. Kazi safi.

Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba duka hili mtu anaweza kulipelekea mashine kwa tahadhari. Lakini nilipotoa sponji yote na kurudisha hadidiski kavu kwenye bati kwa skrubu nne za 6-32, bila mpira wala lastiki, kelele zilizobaki zilikuwa chache kiasi kwamba niliinama kuzisikiliza. Maana yake ni kwamba kimya nilichokilipia pale mezani kingepatikana kwa kazi ya yule kijana na skrubu sahihi tu. Sponji haikuongeza kitu isipokuwa nyuzi 58, na aliyeiweka ndiye aliyechukua hela na ndiye aliyenijibu vile.

Sitaapa kwamba ndiyo iliyoiharibu. Hadidiski hii si mpya. Lakini kabla ya kuipeleka mstari wa C5 kwenye CrystalDiskInfo, ule wa sekta (vipande vidogo vya diski) zinazosubiri kukaguliwa, ulisoma sifuri, na sasa unasoma 8. Kwa hiyo msiwape hadidiski. Feni wapeni, mkimkuta yule kijana, na msiondoke mezani. Mwambieni afungue ubavu muone kilichomo ndani kabla hamjatoa hela.

Leo saa nane mchana, hadidiski ikiwa kwenye lastiki na feni ya mbele inaipuliza taratibu, ipo nyuzi 41. Kinachosikika ni mkwaruzo mdogo wakati wa kunakili faili kubwa. C5 bado 8. Windows nimeihamishia kwenye SSD, diski isiyozunguka, faili za kazi zina nakala mbili, na hii nimeibakizia video na picha tu.