Ukinunua hemerokali, tazama mizizi kabla ya ua

Hemerokali, mimea ya maua ya bustani iitwayo daylily kwa Kiingereza, wengi hununuliwa kwa macho. Mtu anaona ua la rangi ya chungwa limefunguka, anabeba chungu na kuondoka. Ua lile litasinyaa kabla ya kesho. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, siku na uzuri, kwa sababu kila ua huishi siku moja tu. Kinachobaki bustanini miaka na miaka ni mizizi na kitako cha mmea, pale majani yanapoota. Hicho ndicho unachokilipia, na ndicho nilichotumia kupanga njia zifuatazo za kununua, kuanzia iliyo bora.

Nafasi ya kwanza naipa mizizi mitupu kutoka kwa mkulima anayeotesha maua haya. Hemerokali huzaa machipukizi ubavuni kama mgomba. Mkulima huyatenganisha, huyaosha udongo na kukata majani yakabaki mafupi. Kifurushi kikifika utadhani umetumiwa kitu kilichokufa. Usikitupe. Bonyeza kitako kwa kidole gumba: kikiwa kigumu, mmea ni mzima, kikibonyea na kunuka uozo, mrudishie muuzaji. Mizizi inapaswa kuwa minene, na mara nyingi ina vinundu vya akiba. Ikiwa imesinyaa kidogo, iloweke saa chache kabla ya kupanda. Agiza shina lenye machipukizi mawili au matatu, maana lenye moja litakusubirisha zaidi kabla ya kuchanua vizuri. Na kwa kuwa chipukizi ni nakala ya mama yake, aina uliyoagiza ndiyo utakayoiona, na kwa kuwa udongo umeoshwa, huleti magugu ya bustani ya mtu mwingine.

Ya pili ni mmea wa chunguni. Una faida yake: rangi unaiona, na mizizi haisumbuliwi sana. Lakini geuza majani. Mimi niliwahi kununua chungu kilichojaa maua bila kugeuza hata jani moja. Wiki chache baadaye nilipangusa upande wa chini wa jani kwa karatasi nyeupe, ikatoka na unga wa rangi ya chungwa. Ilikuwa kutu, ugonjwa wa kuvu, na mimea mitatu ya jirani yake ilikwisha kuupata. Iliniuma sana. Siku hizi natembea na karatasi mfukoni, na nahesabu machipukizi, si maua.

Mifuko ya plastiki yenye picha nzuri, mizizi ikiwa ndani ya maranda, naiweka ya tatu. Inunue mapema, msimu ukianza tu, kabla haijakauka rafuni. Mbegu ni za mwisho: mbegu ya aina chotara haifuati mama yake, na ua la kwanza mara nyingi huchukua miaka miwili au mitatu.

Kuhusu aina, muulize muuzaji jambo moja: majani hufa wakati wa baridi au hubaki mabichi? Penye barafu kali chukua yanayokufa na kuchipua upya. Penye joto mwaka mzima, yanayobaki mabichi ndiyo hufanya vizuri zaidi. Kwa bustani ndogo ningeanza na 'Stella de Oro' ya mwaka 1975, fupi, ya manjano, inayochanua kwa awamu msimu mzima. Anayependa harufu atafute 'Hyperion' ya mwaka 1924, ndefu, ya manjano hafifu. Hemerocallis fulva, ile ya chungwa inayotolewa bure, hutambaa chini ya udongo; iweke kwenye mteremko unaomomonyoka, si kitaluni. Na ukiwa na paka, tafadhali usinunue hemerokali wowote, kwani huharibu figo za paka hata akila kidogo.

Ukishaleta mmea, mpe jua la saa sita kwa siku na nafasi ya sentimita 45 au zaidi. Chimba shimo pana, fanya kichuguu katikati, kalisha kitako juu yake na tandaza mizizi pande zote. Udongo ukikifunika kitako kwa sentimita 2 hivi, inatosha. Mmea uliozikwa chini sana huota majani tu. Maua yakipungua baada ya miaka kadhaa, ng'oa shina na uligawe. Hapo machipukizi yanayofuata hutayanunua.