Siku nne peke yangu Bonde la Kiso, Japani: njia ya miguu, nyumba za wageni na begi lililonishinda

Nilifika kwenye dirisha la mizigo la ofisi ya utalii ya kijiji cha Magome saa sita na dakika kumi mchana. Nilikuwa nimeshakunywa chai, nimeshapiga picha gurudumu la maji, sina haraka hata kidogo. Dada wa dirishani akaniangalia, akaliangalia begi, akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: 8:30–11:30. Akainama. Akainama tena. Mimi nami nikatoa kidaftari kumwonyesha kwamba nimeandika vilevile, "mizigo mwisho 11:30", na hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu. Daftari zima nilikuwa nimeandika kwa saa zetu za Kiswahili. Mstari huo mmoja niliunakili kama ulivyo, bila kuugeuza. Kichwani mwangu mizigo ilikuwa inapokelewa mpaka saa kumi na moja na nusu jioni.

Huduma yenyewe nisiionee. Unalipa yeni 1,000 kwa begi, unaliacha asubuhi, wanalipakia kwenye gari, nawe unatembea mikono mitupu kuvuka mlima na kulikuta kijiji cha pili, Tsumago, mchana. Siku ile gari lilikuwa limeshaondoka, nikalibeba mwenyewe. Kilo 14, na humo ndani kulikuwa na pasi ya nguo. Msiniulize.

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini Dar es Salaam, kwa hiyo Japani nimeijua miaka yote kwa makaratasi ya mnada na kwa zile Hiace zinazoshuka melini zikiwa bado zimeandikwa ubavuni majina ya shule za chekechea. Nilipopata likizo ya Novemba 2024 nikasema safari hii naenda kuona yanakotoka. Tokyo na Kyoto sitazizungumzia, wameshaandika wengi. Hapa nataka kusema juu ya Bonde la Kiso tu, kwa sababu ndiko hela yangu iliponiuma na ndiko iliponifurahisha.

Kwa asiyejua: zamani Tokyo iliitwa Edo, na kati ya Edo na Kyoto kulikuwa na njia kuu mbili. Moja ilifuata pwani. Nyingine, Nakasendo, ilipita milimani, kama kilomita 530, ikiwa na vituo 69 vya kulala, kubadilisha farasi na kula. Magome, Tsumago na Narai ni vitatu kati ya hivyo. Reli ya bonde hili ilipokamilika mwaka 1911, wasafiri wakahamia kwenye treni na vituo vikafa njaa. Watu wa Tsumago hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, na umaskini huo ndio uliozihifadhi nyumba. Mwaka 1968 wakaanza kuzikarabati, na mwaka 1971 wakaafikiana mambo matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Mpaka leo mchana magari hayapiti barabara kuu ya kijiji, na nyaya za umeme huzioni.

Kutoka Nagoya treni ya haraka inafika Nakatsugawa kwa dakika kama 50, halafu basi dogo linakupandisha Magome kwa nusu saa hivi. Ile tiketi ya watalii ya kupanda treni nchi nzima sikuinunua. Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na kwa mtu wa kukaa bondeni siku nne hiyo ni kutupa hela. Mimi nilikuwa nazidisha kila bei kwa 17 kupata shilingi. Zidisheni wenyewe.

Njia ya Magome hadi Tsumago ni kilomita 8 hivi. Ianzieni Magome kama nilivyofanya, kwa sababu mji huo uko juu zaidi: mnapanda kidogo hadi karibu mita 800, halafu ni mteremko mpaka mwisho. Mtu mwepesi anaimaliza kwa saa mbili na nusu. Mimi na pasi yangu tulitumia nne. Njia ina mawe ya kutandikwa, vijito, misitu ya hinoki iliyonyooka kama nguzo za umeme. Enzi za Edo miti ile ilikuwa mali ya mtawala, na watu wa bonde wana msemo wa wakati huo: mti mmoja, kichwa kimoja. Ukikata mti, unakatwa wewe.

Kila baada ya mwendo kuna kengele ya chuma kwenye nguzo, na maandishi yanayokutaka uigonge kwa nguvu kwa sababu ya dubu. Nilizigonga zote. Nilizigonga kama mwalimu wa zamu. Kijana mmoja Mzungu aliyekuwa mbele yangu akageuka kuangalia kuna nini.

Chini kidogo ya kilele kuna nyumba kubwa ya mbao, kuta nyeusi kwa moshi, moto unawaka katikati ya sakafu na birika limening'inia juu yake. Hapo chai ni bure. Mzee anayehudumu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Uso ukamng'aa: "Kirimanjaro! Koohii!" Kule jina la Kilimanjaro ni jina la kahawa kabla halijawa la mlima, na karibu arabika yote ya Tanzania inauzwa kwa jina hilo. Karibu yote, kwa sababu kanuni zao za biashara ya kahawa zinaiondoa arabika ya Bukoba kwa kuitaja. Na mimi ni wa Bukoba. Sikumwambia. Mtu amekupa chai ya bure, utamwanzishia mjadala?

Tsumago nilifika saa kumi na robo, jua limeshaanza kuzama nyuma ya mlima. Nyumba niliyolala ni ya aina wanayoiita minshuku: familia inaishi humo humo na vyumba vichache ni vya wageni. Nililipa yeni 12,000, kama laki mbili, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Hosteli za mijini nililala kwa theluthi ya hiyo, lakini kama una usiku mmoja tu wa kujikamua, jikamue hapa.

Mama mwenye nyumba, umri wa bibi yangu mdogo, alinipokea mlangoni na somo la kandambili. Viatu vinaishia mlangoni. Kwenye korido unavaa kandambili. Kwenye chumba chenye mikeka unazivua. Msalani kuna kandambili nyingine za msalani tu, na ukijisahau ukatoka nazo mpaka mezani, kama nilivyofanya, nyumba nzima inakuangalia miguu. Baadaye akanirekebisha vazi la kulalia: upande wa kushoto unapita juu ya wa kulia. Nilikuwa nimefunga kinyume, na kinyume ni maiti anavyovishwa.

Kuoga ni kwa zamu. Nikapewa saa moja na nusu usiku. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza kwa kata mpaka utakate, halafu ndipo unaingia kwenye pipa la mbao lenye maji ya moto, kwa kujiloweka tu. Maji hayamwagwi, mgeni anayefuata anaingia humo humo. Kwa dada wenye rasta au mabutu: fungeni juu, nywele zisiguse maji. Baada ya mlima ule na kilo 14, nililia humo ndani. Machozi ya raha, lakini nililia.

Chakula ni saa kumi na mbili kamili, si na dakika tano. Kulikuwa na samaki wa mtoni wa kuchoma kwa chumvi, mzima na kichwa chake, tambi za soba, mboga za milimani, supu ya miso (soya iliyochachushwa), wali, na kibakuli kidogo pembeni. Mama alipokiweka kile kibakuli alikiziba nusu kwa kiganja, akaniangalia kwa huruma, kama anayesema hiki unaweza kukiacha. Nikachungulia. Panzi! Panzi wa kahawia, wanang'aa, miguu na yote.

Jamani. Mtoto wa Bukoba anaonewa huruma kwa panzi?

Nikala mmoja, nikala wa pili, Mama amesimama na sinia mkononi. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya dada yangu akichambua senene kwenye ungo, gunia zima liko nyuma yake. Akamwita mumewe kutoka jikoni. Mumewe akamwita jirani. Tukakaa pale watu wanne na programu ya kutafsiri inayokosea kila sentensi ya tatu, wakaniambia wao walikuwa wanawakamata kwenye mashamba ya mpunga wakiwa watoto, na mimi nikawaambia wetu wanakuja usiku wakifuata taa. Tulichopishana ni mapishi. Wao wanawapika kwa sosi ya soya na sukari mpaka wanakuwa kama peremende. Senene wa sukari! Nilikula kwa heshima. Lakini tuseme ukweli, chumvi na kikaango tu vinatosha.

Wasiokula nguruwe au wasiotumia kileo waandike mapema wakati wa kuagiza chumba, si kusema mezani. Mvinyo wa mchele unaingia kwenye sosi nyingi bila kuonekana, hata kwenye ile mikate ya wali ya kuchoma kwenye kijiti, yenye jozi na miso, inayouzwa njiani. Ukiandika siku kadhaa kabla watakupangia. Ukisema saa kumi na mbili jioni, umewatia aibu na utalala na wali mtupu.

Kasoro za nyumba hiyo: ukuta kati yangu na jirani wa chumba ni karatasi, na jirani alikoroma kwa lafudhi. Korido usiku ni baridi ya Makete. Lakini usiku huo huo nilitoka nje saa mbili. Watalii wa mchana wote wameondoka, maduka yamefungwa milango ya mbao, taa za karatasi zinawaka mbele ya nyumba, na kijiji kizima unasikia maji ya mfereji tu. Nilitembea mwanamke peke yangu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, simu mkononi, mkoba begani wazi. Nyumbani sifanyi hivyo, nanyi hamfanyi.

Na hili la mwanamke peke yake lina historia yake kwenye njia hii. Kule Kiso-Fukushima, mbele kidogo, kuna kituo cha ukaguzi kilichojengwa upya kikawa makumbusho. Walinzi wa zamani walitafuta vitu viwili hasa: bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka Edo. Wake za mabwana wakubwa waliwekwa mjini kama dhamana ili waume zao wasiasi, kwa hiyo mwanamke alihitaji kibali maalumu kinachoeleza yeye ni nani na anakwenda wapi. Nikakumbuka ubalozini Dar, nilivyoandika ratiba yangu siku kwa siku, nitalala wapi na lini, na taarifa ya benki juu yake. Mimi angalau nywele hazikupekuliwa kama zao.

Narai ndiko nilikoanguka. Ni mji mrefu, karibu kilomita nzima ya nyumba za mbao pande mbili, na kwa macho yangu unaupita Tsumago. Tatizo ni chumba nilichopata kupitia tovuti moja ya kuagiza vyumba. Mimi nilielewa chakula kimo. Hakikuwemo. Saa kumi na moja na nusu nikatoka kutafuta hoteli ya chakula: imefungwa, imefungwa, imefungwa. Hakuna kibanda, hakuna chipsi, hakuna mama ntilie. Nikala supu ya mahindi ya moto kutoka kwenye mashine ya vinywaji, makopo mawili, nimesimama gizani, na biskuti za kwenye ndege. Tangu hapo sikulipia chumba kabla ya kuuliza kwa maandishi: jioni mnapika?

Jambo lingine ambalo hawalisemi wazi: msafiri mmoja si mteja anayependwa. Nyumba mbili zilinijibu kwa adabu kubwa kwamba Jumamosi hazipokei mtu mmoja. Chumba ni kile kile, kwa nini wamweke mmoja wakati wanaweza kuweka watatu? Nawaelewa kibiashara, ila iliniuma. Nenda siku za kazi, Jumapili hadi Alhamisi, utapata. Na uwe na noti mkononi. Mimi nilitoa pesa Nagoya kabla ya kupanda treni, na nyumba zote bondeni nililipa taslimu.

Baada ya Narai nilipitia Matsumoto nikachukua basi hadi Takayama na Shirakawa-go, kijiji cha mapaa makubwa ya nyasi kilichoingia orodha ya UNESCO mwaka 1995. Mapaa yenyewe ni ajabu, mwinuko wake mkali ili theluji iteleze, na kijiji kizima kinatoka kuezeka paa la mmoja, msaragambo hasa. Lakini watu! Foleni ya kupiga picha, foleni ya choo, foleni ya kurudi kwenye basi. Saa tatu zilinitosha, na usiku wa pale ningeuhamishia Tsumago.

Kwa atakayeenda: Desemba hadi katikati ya Machi lile dirisha la mizigo halifanyi kazi kabisa, hata ukifika alfajiri. Na pasi ya nguo iache nyumbani, Mama anayo.