Golf R 7.5 na lonchi kontroli yake: maoni ya fundi wa gia boksi

Kazi yangu ni kufungua gia boksi, hapa Mombasa. Nilipoagiza Volkswagen Golf R ya 2017 kutoka Japani, vijana wa gereji walicheka sana: mtu anayekula kwa klachi za wenzake sasa anataka kuchoma ya kwake. Wacha wacheke. Gari ninalo na klachi ni zile zile lililokuja nazo. Hapa nataka kuzungumzia kitu kimoja tu ndani yake, ile lonchi kontroli ya kuondokea kwa kasi, maana kila anayekaa kiti cha abiria lazima aiulizie.

Namba kwanza. Hii ndiyo inayoitwa 7.5, yaani kizazi cha saba kilichofanyiwa marekebisho: injini ya lita 2.0 yenye turbo, farasi 310, nguvu ya kuzungusha Nm 400, DSG (gia boksi ya Volkswagen ya klachi mbili, inayobadilisha gia yenyewe) ya gia 7, na magurudumu yote manne yanavuta. Unayeagiza Japani, angalia toleo vizuri. Golf R za mwanzo za kizazi cha saba zilizouzwa kule zilikuwa na farasi 280, wakati za Ulaya zilikuwa na 300. Kiwanda kinasema 7.5 ya DSG inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.6.

Kuiamsha kuna utaratibu wake. Chagua hali ya uendeshaji ya Race, bonyeza kitufe cha ESC (mfumo wa kuzuia kuteleza) mpaka kioo kiandike Sport, gia kwenye S, mguu wa kushoto ukandamize breki kabisa, wa kulia ukanyage mafuta mpaka chini. Injini haipandi hadi mwisho. Inasimama juu kidogo ya mizunguko 3,000 kwa dakika na kubaki hapo inanguruma. Ukiachia breki, achia mara moja, usiibembeleze. Matairi hayapigi kelele ya maana. Mbele panateleza kidogo sana, gari linakaa kwa nyuma, na kabla hujapata pumzi gia ya pili imeshaingia bila mkato. Mpwa wangu alikuwa ameshika simu. "Mjomba, simu yangu imeenda wapi?" Ilikuwa kiti cha nyuma.

Sasa ndani. DSG hii ina klachi mbili, moja imezungukwa na nyenzake, zote zinaogelea kwenye oili. Ya nje inashika gia 1, 3, 5 na 7, ya ndani inashika 2, 4 na 6. Unapoachia breki, injini inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika na shafti ya upande wa pili imesimama. Tofauti hiyo lazima iishie mahali, nayo inaishia katikati ya sahani za klachi ya nje kama joto, ndani ya muda mfupi sana, na oili ndiyo inayolibeba joto hilo. Kompyuta inazibana sahani taratibu huku ikisoma mwendo wa kila gurudumu. Kwa hilo naisifu bila kujizuia: nimeshaona klachi za gari za manyuo (za kubadilisha gia kwa mkono) zilizoungua mpaka chuma kikawa bluu, kwa sababu ya mguu wa kijana mmoja na jioni moja.

Kinachoua ni kurudia. Oili ikichemka haipozi sahani tena, na hapo ndipo zinapoanza kuteleza. Gari lenyewe linapiga hesabu ya joto la klachi na likiona limezidi linakataa kuondoka hivyo. Likikataa, usishindane nalo. Wala usiende kuzima injini ukapige picha. Liendeshe polepole, kwa sababu pampu inahitaji injini izunguke ndipo oili ipite kwenye kipoozeo.

Mimi husoma hali ya gia boksi kwenye beseni jeupe. Oili nzuri inatoka na rangi yake, hata kama imekolea. Iliyoteswa ni nyeusi na harufu yake inakera pua hata ukiwa mlangoni. Kwenye sumaku ya ndani inayonasa unga wa chuma, ule uji wa kijivu, laini ukiusugua kwa vidole, ni wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida. Kwa DSG hii kiwanda kimeweka kilomita 120,000 ndipo oili ibadilishwe. Ile ya zamani ya gia 6 ilikuwa 60,000. Kwa joto la Pwani na gari linalopelekwa kwenye mbio, mimi nabadilisha kwa 60,000 na sisikilizi mtu.

Mbali na gia boksi, mzigo unakwenda kwenye maunti zinazoshikilia injini, shafti za magurudumu, na klachi ya Haldex inayopeleka nguvu nyuma, ambayo ina oili yake na watu wengi hawajui hata kama ipo. Hatari kubwa ni lami mbovu au yenye mchanga. Tairi likianza kurukaruka, kila ruko ni kama nyundo kwenye shafti. Toa mguu hapo hapo.

Tena usichanganye gari la kiwandani na lililoongezwa nguvu. Bwana mmoja aliniletea gari la aina nyingine kabisa, lenye klachi kavu isiyooga kwenye oili, limewekewa programu mpya ya kuongeza nguvu na halivuti mlima.

"Fundi, mimi nilifuata kitabu."

"Kitabu kiliandikwa kabla ya hiyo programu, bosi."

Hata wakubwa walipitia hapa. Nissan GT-R ilipoingia Marekani 2008, baadhi ya wenye magari walizima mfumo wa kuzuia kuteleza ili waondoke kwa nguvu zote, wakavunja gia boksi, kukawa na mzozo wa garantii. Nissan wakabadilisha programu, injini ikawa inaondokea mizunguko ya chini zaidi.

Yangu naitumia siku za mbio za mita 402 tu, barabara ikiwa imefungwa. Barabara ya Nyali si mahali pake. Naipa 8 kwa 10. Moja nimeikata kwa vitufe vingi. Nyingine kwa kile kidude chini ya kioo cha mbele kinachotengeneza ngurumo ya bandia. Changu nilichomoa waya wiki ile ile.

Unayetaka kununua iliyotumika, fika asubuhi injini ikiwa baridi. Weka D, achia breki bila kukanyaga mafuta. Inatakiwa ijivute yenyewe kwa ulaini. Ikitetemeka au ikisita halafu ikaruka, ulizia lini oili ya gia boksi ilibadilishwa mara ya mwisho, na uombe kuona risiti.