Grenda ya mezani ya inchi 6: mota nzuri, mawe mabaya

Katika mashine zote za karakana ya nyumbani, hii ndiyo inayosemwa vibaya bila haki. Mmoja atakwambia inaunguza patasi. Mwingine atasema inatetemeka mpaka meza inacheza, na wa tatu kwamba jiwe halili chuma. Wote wanasema kweli, lakini wanailaumu mota bure. Kasoro karibu zote ziko kwenye vitu vilivyofungwa kuizunguka: mawe, sahani za kubania mawe, na viegemeo vya kuwekea kifaa. Nazungumzia grenda hizi kwa ujumla, maana zinafanana mno. Zikwangue rangi na nembo, hutajua ipi ni ipi.

Mota yenyewe naipa alama za juu. Haina brashi za kaboni wala gia. Ni rota tu juu ya beringi mbili. Kwa umeme wa hezi 50 huzunguka mara 2,850 hadi 2,950 kwa dakika, na kwa hezi 60 kama 3,450. Vinavyochakaa ni beringi na kapasita (kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), ndiyo maana grenda kuukuu iliyosahaulika kwenye kona mara nyingi bado ina maisha marefu ndani yake. Kwenye kibati cha mashine usisome wati peke yake. Wati 150 zinatosha visu na biti za drili, ila kwa patasi pana na shoka tafuta 250 au zaidi, la sivyo ukikandamiza kidogo tu mwendo unashuka. Tafuta pia herufi S. S1 maana yake mota inavumilia kazi ya mfululizo. S2 yenye dakika 30 maana yake baada ya nusu saa iachwe ipoe kabisa. Nyingi kati ya ndogo ni S2, na kwa kunoa hilo si tatizo, kwa kuwa kunoa ni kazi ya dakika chache. Anayetaka kung'oa kutu kutwa nzima asiinunue.

Ukiwa unaichagua, chomoa waya kwanza. Shika shafti uisukume juu na chini: isicheze hata kidogo. Zungusha jiwe taratibu kwa kidole. Mkwaruzo au vigugumizi ni dalili ya beringi mbovu. Kisha chomeka waya, iwashe, iache ifike mwendo wake, uizime na usikilize. Nzuri hupungua mwendo polepole, kwa sauti moja, na huchukua muda kusimama. Inayosimama haraka au inayotikisika katikati ya kupungua mwendo ina la kueleza.

Sasa tuje kwenye mawe, ambako pesa ya mnunuzi hupotea. Mashine huja na mawe mawili ya kijivu, moja la chembe 36 na jingine 60, yaliyoshikwa na gundi ngumu. Jiwe la kunolea hufanya kazi kwa kujichakaza: chembe ikiwa butu inang'oka, na nyingine kali inachukua nafasi yake. Gundi ikiwa ngumu kupita kiasi, chembe butu haziondoki. Jiwe linang'aa kama kioo, linasugua badala ya kukata, na msuguano huo ndio moto unaounguza patasi yako. Kwa hiyo kanuni inakwenda kinyume na wengi wanavyodhani: chuma kigumu kinataka jiwe laini, chuma laini kinataka jiwe gumu. La kijivu linafaa kuondoa ncha za misumari, kulainisha kingo za chuma cha kawaida na kurekebisha jembe. Kwa vifaa vya makali ya kweli, fungua moja na uweke jeupe.

Kwenye lebo ya jiwe utakuta maandishi kama WA 60 K 5 V. WA ni oksidi ya alumini nyeupe. A pekee ni ile ya kawaida. 60 ni ukubwa wa chembe, na namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo. K ni ugumu wa gundi: herufi zinavyosonga mbele, jiwe linakuwa gumu zaidi. 5 inaeleza chembe zilivyotawanyika, na V ni gundi ya udongo uliochomwa. Kwa patasi, visu vya randa na biti, chagua jeupe la chembe 60 au 80, herufi H hadi K. Usiende 120 ukidhani utapata makali laini zaidi. Chembe ndogo huzidisha joto, na ulaini wa makali ni kazi ya kinoo cha mkononi baadaye. Jiwe la kijani ni la kabaidi tu, ile ncha ngumu mno inayobandikwa kwenye baadhi ya vifaa. Hakikisha pia mwendo ulioandikwa kwenye jiwe hauzidiwi na wa mashine, na upime tundu kabla ya kununua. Kuna matundu ya milimita 12.7, 16, 20 na 32, na vipete vya plastiki vya kupunguzia tundu ni chanzo kimojawapo cha jiwe kuyumba.

Kabla ya kulifunga, liangalie kwa macho, kisha ulisikilize. Litundike kwenye kidole au penseli kupitia tundu lake, likiwa kavu, na uligonge kidogo kwa mpini wa bisibisi, karibu na ukingo, sehemu kadhaa pande zote mbili. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na hilo livunjwe siku hiyo hiyo asije mtu mwingine akaliokota. Baina ya jiwe na sahani za chuma lazima pawe na karatasi nene ya mviringo kila upande, kwani hiyo hugawa mbano sawasawa. Nati ya kulia hufunguka kawaida, ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Kaza imara kiasi, bila kuning'inia kwenye spana. Jiwe linaweza kupasuka kwa kukazwa kupita kiasi.

Zungusha sasa kwa mkono na utazame ukingo. Likiyumba kushoto na kulia, usikimbilie kulichonga, kwa sababu ugonjwa uko kwenye sahani. Nyingi zimetengenezwa kwa bati lililopigwa chapa na hazikai wima. Tia alama ya penseli kwenye sahani na kwenye jiwe, legeza nati, zungusha jiwe robo mzunguko dhidi ya sahani, kaza, tazama tena. Kati ya nafasi nne, moja huwa bora kuliko nyingine kwa tofauti ya kushangaza. Ikishindikana, fundi wa mashine ya kukereza akuchongee sahani mbili za chuma kizito, zilizobonyea katikati ili zibane kwa ukingo tu. Hakuna matengenezo mengine yanayobadilisha grenda hii zaidi ya hayo.

Unapoiwasha na jiwe jipya, simama kando, siyo mbele yake, na uiache izunguke dakika nzima. Jiwe la kupasuka mara nyingi hupasuka hapo.

Baada ya hapo ndipo unalichonga jiwe. Kuna chombo chenye vigurudumu vya meno vya nyota. Hicho hufungua jiwe upesi lakini huliacha na mawimbi. Cha almasi chenye umbo la T ni bora kwa kunoa. Kiweke kwenye kiegemeo, kiguse jiwe kidogo sana, kipeleke kushoto na kulia bila kukisukuma ndani. Mguso mwanana wa mara kumi unashinda mmoja wa nguvu. Sauti ya kudundadunda ikigeuka kuwa mvumo mmoja, jiwe limekuwa duara kamili na mtetemo mwingi umekwisha. Vaa barakoa, maana vumbi lake ni jingi na halifai mapafuni. Rudia wakati wowote jiwe likianza kung'aa au kuwa na michirizi ya kijivu.

Viegemeo vya kiwandani ni vya kuonea huruma: bati jembamba la upana wa vidole viwili, lililoshikwa na skrubu moja, linaloshuka ukiliegemea. Tengeneza chako. Kipande cha bamba la unene wa milimita 5 au 6, upana wa 75 na urefu wa 100, kilichofungwa juu ya kipande cha pembe ya chuma chenye mfereji wa boliti, kinatosha. Kifungwe kwenye meza, siyo kwenye grenda, ili mtetemo usikifikie. Nafasi kati yake na jiwe isizidi milimita 3. Kile kibati cha juu kwenye kava kiwe umbali usiozidi milimita 6. Jiwe linavyopungua, sogeza vyote viwili, mashine ikiwa imesimama. Kipande kinachonaswa kwenye uwazi mpana huvuta na vidole.

Kupata pembe hakuhitaji vipimo vya gharama. Paka mshazari wa patasi (ule mteremko unaoishia kwenye makali) wino wa kalamu nene, iweke kwenye kiegemeo, zungusha jiwe kwa mkono nusu mzunguko, tazama mkwaruzo umekaa wapi. Ukiwa katikati ya mshazari, pembe ya zamani imefuatwa. Ukiwa karibu na makali, inamisha kiegemeo ili mkwaruzo urudi nyuma. Nyuzi 25 zinatosha patasi nyingi, kisha kinoo kiongeze nyuzi 5 mwishoni.

Patasi yenye mapengo usianze kuinoa kwa mshazari. Kwanza isukume moja kwa moja kwenye jiwe, makali yakitazama jiwe kwa pembe mraba, mpaka mapengo yaishe na ukingo uwe butu ulionyooka. Ndipo uende kwenye mshazari. Ukingo huo butu unaonekana kama mstari wa mwanga. Unapungua kadiri unavyonoa. Acha ukiwa mwembamba kama unywele na umalizie kwenye kinoo. Sababu ni joto: makali membamba hayana mahali pa kulipeleka, huungua kwa sekunde moja.

Chuma cha kaboni hukuonya kwa rangi. Kwenye nyuzi za selsiasi 220 hivi hugeuka rangi ya majani makavu, karibu na 300 hugeuka buluu. Buluu ikifika kwenye makali, ugumu umekwenda na hakuna maji yatakayourudisha. Itabidi uondoe sehemu hiyo yote. Chovya kila baada ya kupita mara mbili tatu, na utoke na tone juu ya makali: likianza kuchemka, ondoa. Kidole cha shahada kikae karibu na ncha, bila glavu, kwa sababu kidole hujua joto mapema kuliko jicho, na glavu huvutwa na jiwe. Biti za HSS, yaani chuma cha mwendo kasi, ni habari nyingine. Hizo huvumilia hadi karibu nyuzi 600 na rangi haiziharibu, lakini ukizitumbukiza majini zikiwa za moto sana hupata nyufa ndogo zisizoonekana. Ziache zipoe hewani. Kama hujui una chuma gani, cheche zitasema: za chuma cha kaboni ni nyeupe na hupasuka kama nyota, za HSS ni chache, nyekundu iliyofifia.

Alumini, shaba na mbao zisiguse mawe haya. Huziba vinyweleo, jiwe linapata joto mahali pamoja na linaweza kupasuka. Usinoe kwa ubavu wa jiwe pia, halikuundwa kubeba nguvu upande huo. Kava zibaki mahali pake, na kile kiplastiki cha kukinga uso kisikudanganye: vaa miwani. Ukiweka brashi ya waya upande mmoja, vaa kinga ya uso mzima, kwa sababu nyaya hukatika na kuruka kama sindano. Vumbi la mbao liwe mbali na njia ya cheche.

Je, afadhali ya inchi 8 yenye mwendo wa polepole? Kwa anayenoa patasi na visu vya kukereza mbao kila siku, ndiyo, naipendekeza bila kusita. Ukingo wa jiwe la milimita 150 kwa mizunguko 2,950 hukimbia mita 23 kwa sekunde. La milimita 200 kwa 1,450 hukimbia 15 tu, na joto linapungua hivyo hivyo. Kwa karakana ya kila kazi, inchi 6 yenye jiwe jeupe na kiegemeo imara inatosha. Halafu ina neema yake: jiwe likichakaa hadi milimita 110 mwendo wa ukingo hushuka hadi 17, na jiwe lenyewe hukata kwa ulaini zaidi.

Siku itakayonguruma bila kuzunguka, izime mara moja kabla mota haijaungua, uchomoe waya, uzungushe jiwe kwa mkono. Likizunguka bila kukwama, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kwa kawaida imejificha kwenye kitako chini ya bamba la skrubu nne. Inaweza kubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa, hivyo iondolewe chaji na anayejua. Mpya iwe na maikrofaradi zile zile, na volti zisizopungua za ile ya zamani.